Mama wa Ghorofa ya Ishirini na Saba

Zulia lilikuwa limelowa. Makereta alilikanyaga asubuhi ya Jumatatu, akadhani bomba limepasuka. Lakini ghorofa ya ishirini na saba haikuwa na mpangaji wala bomba, na maji yale yalinuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi.

Hilo lilikuwa jengo jipya la Suva, lililoyapita yote nchini Fiji kwa urefu. Makereta alikuwa msafishaji wake tangu lifunguliwe. Alikausha zulia, akashuka. Jumanne likawa limelowa tena, na chini yake kulikuwa na mtu anatwanga kinuni, kama watu wa Fiji watwangavyo mizizi ya kava ya kunywa: du, du, du, polepole. Alimwita mwenzake, Shamima, aje asikilize. Shamima alisikiliza kidogo tu, akaanza kusoma Ayatul Kursiyu huku akirudi kinyumenyume hadi kwenye lifti.

"Dada, mimi huku sipandi tena," alinong'ona. "Huyu ana mwenyewe anayemtafuta."

Jumatano mvua ilifunika madirisha yote. Makereta alikuwa amepiga magoti, anakamua tambara, kinu kile kikamsogelea chini ya sakafu, kutoka ukutani hadi katikati ya chumba, kutoka katikati hadi chini ya magoti yake, kikinyamaza pale pale alipokuwa, na kabla hajainuka, sauti ya mwanamke, nzito kama ya mtu mwenye mchanga kinywani, ikatamka jina la mumewe.

Sakiusa alikuwa jikoni anamenya mihogo mkewe alipoingia na kumweleza. Kisu kilimponyoka.

"Tulikuta mifupa, Mak," alisema. "Tukichimba msingi wa jengo lile. Ya mwanamke, bangili ya kombe ingali mkononi. Msimamizi akasema tukisimama, kazi itachelewa. Mpira wa kumwagia zege juu yake nilishika mimi."

"Miaka mitatu hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungelala na mimi?"

Makereta alimpeleka kwa Bibi Mereoni, wa ukoo wenye ardhi ile. Bibi aliwasikiliza, akamkaripia Sakiusa mpaka akalia, kisha akafungua sanduku akatoa jino la nyangumi, ambalo kwao hutolewa kuomba msamaha. Alisema yeye atafungua njia, ila maneno atayasema aliyetenda.

Kesho yake adhuhuri walipanda watatu. Bibi aliketi kwenye zulia lililolowa, akamwamuru Sakiusa alishike lile jino kwa mikono miwili. Sakiusa akaanza kusema, na kadiri alivyosema ndivyo maji yalivyopanda kutoka kwenye zulia, yakamfika vifundoni, yakiwa ya baridi na mazito kama zege bichi, na kinu kikawa kinatwanga kwa kasi kiasi kwamba vioo vilitetemeka, lakini Bibi alimkazia macho asinyamaze, naye akaendelea, akataja mpira, akataja bangili, akataja mkono wake mwenyewe.

"Nilikuona, mama," alisema. "Nilikuona, nikakufunika. Nisamehe."

Kinu kikakoma. Jino la nyangumi likatoka mikononi mwake, wala halikuanguka chini. Halikuonekana tena.

Bibi alipiga makofi mazito matatu ya shukrani, akainuka akiegemea bega la Makereta. Waliingia kwenye lifti, na milango ilipotaka kujifunga, lifti ikazama kidogo, kama inavyozama mtu mwingine akipanda. Bibi akajibana pembeni, akaacha nafasi.

"Karibu," alisema taratibu. "Twende nyumbani."

Chini, mlinzi aliwafungulia mlango mkubwa. Makereta alitoka, Sakiusa akatoka, Bibi akatoka. Mlinzi aliendelea kuushikilia.

"Makereta," aliita, "mwambie huyo mama wa nyuma apanguse miguu. Ananijazia tope."

Shingo ya Makereta ilianza kugeuka yenyewe. Bibi akamshika kidevu, akakirudisha mbele.

"Usimtazame, mjukuu wangu. Mpaka makaburini kwetu, tembea tu."

Wakatembea kwenye mvua. Nyuma yao, hatua za mtu wa nne zikafuata.