Kilichomo Kikombeni

"Kaa, Mwanawema. Utachimba sakafu."

"Sikai! Siwezi kukaa! Weye wadhani napenda?"

Nilikuwa natoka mlangoni naenda dirishani, narudi mlangoni. Kofia ya watu niliyokuwa naishona imelala mkekani, sindano imechomekwa palepale nilipoiachia. Na kofia haishonwi kwa kusimama, jamani. Nikikaa tu, miguu inawaka kwa ndani, inataka kwenda na haijui iendako.

Mume wangu Pandu, seremala, mtu wa maneno machache, alisimama na kikombe cha kombe mkononi.

Nieleze kidogo, msije mkaniona mkorofi. Mwaka ule niliugua akili. Nilisikia watu wananitukana hata kwenye mvumo wa jiko, silali, natoka nje bila ya buibui. Hospitali wakanipa vidonge, nikavitema. Vidonge vya wazimu vya nini, na mie si mwendawazimu? Ndipo Pandu akanipeleka kwa Shehe Kificho. Akaniandikia kombe, aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, nikawa nakunywa kila jioni kutoka mkononi mwa mume wangu. Sauti zikanyamaza. Ee, nilivyomsifu shehe! Mtaa mzima ulichoka.

Sasa sauti zimekwenda, imekuja miguu.

"Leo nipe vikombe viwili," nikamwambia. "Shetani kahamia miguuni."

"Viwili hapana."

"Jana wanibembeleza ninywe, leo wanizuia?"

"Hapana, Mwanawema."

"Basi nyumba hii ina kitu! Kwa mama, kule Kengeja, sikuwa hivi. Nipe talaka yangu n'ende zangu!"

Nikavuta begi, nikaanza kutia kanga. Pandu angeweza kunyamaza, nikaondoka na shetani wangu, naye akabaki mume mwema. Akalishika begi.

"Nyumba haina kitu," akasema. "Kitu kimo kikombeni."

"Kitu gani?"

"Vidonge vya hospitali. Nilikuwa navisaga, natia humu. Tangu kombe la mwanzo."

Nilicheka. Kisha nikamtazama vizuri, nikaona hatanii.

"Wanitilia dawa kama panya?"

"Ulikuwa wanipotea, mke wangu, huku nakuona!"

"Na ukanitazama namsifu shehe kwa watu, ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

Nilitaka kumrushia lile kombe usoni. Nikakumbuka ni maneno ya Mungu. Nikaenda kulimwaga shinani mwa mgomba, pasipokanyagwa, nikabeba begi langu na kofia ya watu, nikaenda Kengeja nikilia njia nzima.

Ujumbe wake ukanikuta huko: "Nimekwenda kwa nesi nikamwambia yote. Kanigombeza mpaka nimeona haya. Miguu hiyo si shetani, ni dawa, huwapata baadhi ya watu. Ipo ya kubadilisha, lakini lazima uje mwenyewe. Usiache dawa hivihivi, nakuomba."

Nikamjibu: "Usinisomeshe. Mwizi weye."

Siku zikapita, miguu ikatulia kweli. Nikaweza kukaa, nikashona, nikamwambia mama, "Umeona? Nimepona bila ya vikombe vyake." Mama akaguna tu.

Alasiri moja namenya muhogo uani, mtu akaniita jina nyuma yangu. Akaongeza na tusi.

"Mama, nani huyo?"

"Wapi? Mbona hapana mtu?"

Kisu kikaniponyoka. Sauti ile niliijua, wallahi, niliijua kama najua ya mama yangu. Nikatafuta simu.

"Pandu."

"Naam, mke wangu."

"Imerudi."



"Nakuja sasa hivi."

"Njoo mikono mitupu. Usiniletee kikombe."

Kliniki daktari alinibadilishia dawa, akaanza na kidogo. Kisha tukaingizwa kwa mshauri, Bi Kijakazi, mama mtu mzima wa miwani.

"Kilichokuuma ni dawa?" akaniuliza.

"La, Bi. Dawa hata ingekuwa shubiri isingeniuma hivi. Nilidhani Mungu amenijibu mie. Kumbe ni mikono ya huyu."

Pandu alikuwa ameinama. "Na nilipokuwa nasaga nilikuwa namuomba Yeye. Kila jioni. Sikujua njia nyengine."

Nikalia mpaka mtandio ukalowa. Hasira ilikuwapo bado, lakini ilikuwa imekosa pa kukaa.

"Hayo mtayasema hapa, wiki hii na nyengine," Bi Kijakazi akasema. "Lakini bwana, kuanzia leo humtilii mtu kitu. Akikataa, njoo utwambie."

Tukapita kwa Shehe Kificho. Nikamwambia yote, nikangoja anikemee. Akashika ndevu.

"Mwanangu, ungeniuliza mwanzo ningekwambia kunywa vyote viwili. Kombe halijakataza hospitali."

Jioni, nyumbani kwetu, nikaweka mkekani kombe jipya la shehe na gilasi ya maji. Kidonge nimekiweka kiganjani. Na Pandu, masikini, anatoka mlangoni anaenda dirishani.

"Nikikataa leo, utafanya nini?"

Akakitazama kikombe, akaitazama mikono yake.

"Nitakaa nawe mpaka asubuhi. Kisha nitakwenda kuwaambia. Kikombe sikigusi."

Nikamwangalia sana mwanamme yule. Kisha nikatia kidonge kinywani mbele ya macho yake, nikakishushia maji. Kombe nikamsogezea yeye.

"Anza weye."

Akapiga bismillahi, akanywa funda, akanirudishia. Nami nikanywa.

"Haya, kaa, Pandu. Utachimba sakafu."

Akakaa. Nami nikakaa ubavuni mwake, nikaichukua sindano.