Udongo wa Jiwe la Doldol

Chai ilikuwa na ladha ya shaba. Kabura alisugua sufuria kwa jivu, akabadilisha maziwa, akamnunia mumewe, Muchangi. Chai ikabaki vile vile.

Katika nyumba yao ya King'ong'o kulikuwa na kabati la kioo, limejaa fuwele za kijani zizaliwazo na shaba, alizozikusanya Muchangi kwa miaka kumi. Wiki hiyo alikuwa ameleta jiwe lililozishinda zote, kutoka bonde la Doldol, la kijani kama jani baada ya mvua. Mchunga mbuzi aliyempa alimwonya asilioshe: udongo ulioligandia ndio mlango, na nyuma ya mlango kuna jini. Muchangi alicheka. Jiwe chafu halionyeshwi wageni. Akalisugua kwa maji na mswaki, na kwa kuwa nyumba hiyo haimwagi maji bure, akayanyunyizia sukuma wiki nyuma ya jikoni.

Jumapili, mchana kweupe, binti yao Anita, mtoto wa pekee, alikutwa ameegemeza sikio kwenye kabati. Akasema kuna mtu ndani anatafuta vitu vyake. Akakohoa. Ulimi wake ulikuwa wa kijani.

Wakamwita Beth, mwombezi wa kanisa lao. Akaomba mpaka sauti ikamkauka, na kitu kikamjibu kupitia kinywa cha mtoto, kwa mkwaruzo mzito, mwamba juu ya mwamba, hata Beth akainuka taratibu na kuwavuta wazazi mlangoni.

"Baba Anita," alinong'ona, "anasema atatoka akirudishiwa vitu vyake vyote. Jiwe na udongo. Hiyo maji ya kuoshea jiwe ulimwaga wapi?"

"Kwa sukuma."

"Na sukuma iko wapi?"

"Alikula Anita," Kabura akasema. "Sisi tulikuwa mazishi Kiriaini."

Beth akachukua Biblia yake, akaondoka bila kuaga.

Muchangi akaapa kwamba atalirudisha jiwe peke yake, atapiga magoti kule bondeni, atajitoa yeye, lakini alipogeuka kulichukua akamkuta Anita sakafuni, akijiviringishia magazeti makuukuu, yale ambayo babake hufungia mawe ya safari, miguu imeshafungwa, kiuno tayari, kucha zikimeta kijani. Naye akamnyooshea ukurasa uliobaki, akasema kwa sauti yake mwenyewe, ile ndogo:

"Baba, nifunge vizuri. Nisivunjike njiani."