Matone Mawili ya Mafuta

Kila Jumamosi, hata kabla uji haujapoa, Chiriku alikuwa na kazi yake asiyoingiliwa na mtu: kuihudumia cherehani ya mama. Aliifuta vumbi, akatoa vinyuzi vilivyonasa chini ya sindano, kisha akatia mafuta kidogo katika kila tundu. Mama alikuwa mshonaji wa sare za shule, na cherehani ikianza kulia tu, alimwita, "Njoo umnyamazishe mtoto." Jina la Chiriku alilipata kwa sababu ya mdomo wake. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuwahi kunyamaza dakika tano isipokuwa akiwa amelala, na hata hapo si kila siku.

Jumamosi hiyo mjomba wake, fundi wa magari, alikuja kubadilisha breki za nyuma za gari la baba. Wiki nzima zilikuwa zikipiga kelele, majirani wakajua baba anarudi kabla hajakata kona.

"Shemeji, wewe unataka honi ya nini tena?" mjomba alimtania baba huku akikunja mikono ya shati.

"Fanya kazi, uji unakusubiri," baba akajibu.

Mjomba alizuia magurudumu ya mbele kwa mawe, akalegeza nati, akainua gari kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi za chuma. Chiriku alimpa spana alizoitisha, moja baada ya nyingine. Alitamani sana kuwa fundi, na mjomba alikuwa amekubali kumpeleka gereji likizo ikifika. Upande wa kushoto ulipokwisha, mjomba alifungua wa kulia, akatoa pedi za breki zilizolika hadi chuma. Pedi mpya mbili akazilaza juu ya gazeti safi.

"Naenda kunywa uji. Usiguse kitu hapa."

Chiriku alizitazama pedi zile. Zilikuwa kavu, zinakwaruza kidole. Akajiuliza kitu kikavu namna hii kitaachaje kulia. Mbio akaenda kuchukua chupa ya mafuta ya cherehani. Tone hapa, tone pale, akayasambaza kwa kidole. Mafuta yalinywewa mara moja na pedi zikabaki nyeusi kama mwanzo. Alijiona fundi kamili.

Mjomba alirudi akiwa bado anabishana na baba kuhusu nani kamaliza uji. Alizifunga pedi bila kuzitazama mara mbili, akarudisha gurudumu, akashusha gari.

"Mjomba, breki zinasimamishaje gari?" Chiriku aliuliza.

"Kwa kusuguana. Pedi zinabana ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, kama mnavyosimamisha baiskeli kwa kukanyaga tairi kwa kandambili. Ndiyo maana nanawa mikono kabla ya kuzishika. Zikiingia mafuta zinateleza, na gari linakwenda linakotaka lenyewe."

Chiriku alikitazama kidole alichosambazia mafuta. Alijiambia kwamba matone mawili ni kidogo. Kisha akaiwazia gereji, na ulimi ukawa mzito. Wakati huohuo mama alitoka na furushi la sare za kupeleka shuleni, chini kabisa ya mteremko. Baba akaingia kwenye gari, akachomeka ufunguo.

"Mbona Chiriku wetu kimya?" mama akauliza. "Unaumwa?"

Chiriku alipiga moyo konde. "Baba, usiwashe gari. Nimetia mafuta kwenye pedi za kulia. Mafuta ya cherehani. Nilitaka zisilie."

Baba alichomoa ufunguo taratibu na kuutia mfukoni. Mjomba akakaa chini palepale alipokuwa.

"Na mimi nikazifunga bila kuzikagua," alisema.

Pedi zile hazikufaa tena. Baba alikwenda dukani kutafuta nyingine, na mama akagawa furushi nusu kwa nusu, wakashuka na Chiriku kwa miguu. Mteremko ulikuwa mkali, wakatembea kwa kujizuia. Huko chini, mbele ya lango la shule, watoto wadogo walikuwa wakicheza mpira katikati ya barabara. Chiriku alisimama akawatazama, na machozi yakamtoka. Mama alimshika mkono.

Waliporudi, mjomba alikuwa amesafisha sahani ya chuma na kufunga pedi mpya. Baba alilijaribu gari polepole mahali tambarare, kisha akashuka nalo mteremko na kupanda tena. Breki zilishika sawasawa, bila kelele.

"Mjomba," Chiriku alisema akitazama chini, "gereji siendi tena?"

Mjomba alifuta mikono yake kwanza.

"Gereji kwangu kila mtu amewahi kukosea. Mimi leo nimekosea mbele ya shemeji, atanisema mwaka mzima. Kosa la kazi tunafundishana. Lakini mtu akilijua kosa lake akanyamaza, mwenye gari anaondoka na hatari asiyoijua, na wengine wanaikuta barabarani. Nilikukataza kugusa, ukagusa. Kwa hilo utanioshea vifaa vyote, hadi spana ya mwisho."

"Sawa, mjomba."

"Ila uliogopa na bado ukasema, tena kabla gari halijaondoka. Ufundi nitakufundisha mimi. Hilo jingine nisingeweza kukufundisha. Siku ya kwanza ya likizo, saa moja asubuhi, nikukute umeshavaa."