Mhimili Uliogoma

"Iponye mashine. Ikichonga tu, tunaingia."

Mkuu akakata simu.

Kipimo akaingia karakana na mita ya Fluke ya kupimia umeme mkononi, bastola ya Glock chini ya spana mkobani. Wauza silaha walikuwa wameita fundi. Idara ya upelelezi ikawapelekea jasusi.

Mashine ilikuwa kuukuu, ya kuzungushwa kwa mkono, wakaigeuza iendeshwe na kompyuta ichonge vifyatulio vya bunduki. Lakini kila meza ya mashine ilipokimbia kwenye mhimili wa Y, wa mbele na nyuma, taa nyekundu iliwaka na kila kitu kikaganda. Na bila kifyatulio kilichochongwa, kesi isingesimama mahakamani.

Akabadilisha nafasi za draivu, visanduku vinavyoendesha mota, ya X na ya Y. Hitilafu ikabaki Y.

Draivu nzima, basi.

Akapima mota. Nzima.

Zikabaki nyaya. Akafungua mfuniko. Waya mwembamba wa enkoda, unaoiambia kompyuta meza imefika wapi, ulikuwa umefungwa pamoja na waya mnene wa umeme wa mota. Ule mnene ulikuwa ukivuruga ishara za mwenzake. Vifundo vilikuwa vya uzi wa nta, nadhifu kama nywele zilizosukwa.

Mtu mmoja tu alifunga hivyo. Baba yao alimkanya asifunge nyaya hizo pamoja mpaka akachoka, lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Kaka yake. Mama aliamini yuko melini, na mpaka leo alimtandikia kitanda.

"Aliyeijenga huyo hapo," Bosi wa wauza silaha alisema.

Kaka akatoka stoo. Wakatazamana. Aliijua kazi ya mdogo wake, ndiyo iliyowagombanisha. Neno moja tu, na Kipimo angekuwa maiti.

Hakulisema. Akachuchumaa, akammulikia tochi.

Kipimo akasema kwa sauti kwamba anahitaji waya mpya, mtu aende dukani. Bosi akamwashiria kaka aende. Kaka akajibu kuwa waya upo stoo, hakuna haja. Bosi akaenda kupokea simu.

"Toka, kaka," Kipimo akanong'ona. "Nakuomba."

"Nikitoka mimi na wenzako wakaingia, risasi ya kwanza ya Bosi ni yako. Funga waya, mdogo wangu."

Akaufunga, mbali na ule mnene.

Meza ikateleza. Chuma kikalia. Kifyatulio cha kwanza kikadondoka kwenye trei.

Kipimo akabonyeza kitufe cha ishara kilichofichwa ndani ya mita.

Mlango ukavunjwa, watu wa Idara wakaingia. Bosi akaikimbilia bunduki; kaka akamkumbatia kwa nyuma, wakaanguka wote. Hakuna risasi iliyolia. Pingu zikawafunga wote wawili, na kaka akampita Kipimo kama asiyemjua.

Nje, redio ikakoroma kwa sauti ya Mkuu. "Safi sana. Kuna unayemjua kati yao?"

Kipimo alikuwa akilia, hakujificha.

"Yupo. Tumelala tumbo moja."

Akazima redio, akashika njia ya kwa mama.