Pa Kumkalisha Amiri

Jua lilikuwa linazama Bi Somoe alipoingia kwa fundi Dercio, mtaa wa Rahaleo mjini, na kifurushi cha khanga mkononi. Katoka Msimbati, mama mtu mzima, vumbi mpaka magotini. Dercio hata shikamoo hakutoa. Ndiye huyo: fundi hodari wa kompyuta, adabu ya mbuzi.

Ndani ya khanga mlikuwa na kompyuta ndogo ya mkononi ya kuchezea gemu. Ilikuwa ya Amiri, mwanawe wa pekee, aliyefariki kabla ya Ramadhani. Marehemu alikuwa akicheza mpira humo huku akiutangaza mwenyewe kama mtu wa redio, na sauti yake akiirekodi. Sasa ilikuwa haiwaki.

"Nitolee sauti tu, baba," Somoe akanong'ona. "Nimeanza kuisahau."

Dercio akasonya. "Windows! Nyie watu wa shamba mnapenda takataka. Hapa inafutwa, inawekwa Linux."

"Usifute, nakuomba. Mganga kasema Amiri kakaa humo. Akitolewa, lazima aonyeshwe pa kukaa." Akaweka mezani kisahani cha unga wa mtama. "Ikibidi, mwite jina, mwambie akae kwenye unga. Nitaupeleka kaburini kwake."

"Mama, nenda kaswali magharibi. Ushirikina uache huko huko Msimbati."

Mama wa watu akaenda msikitini. Mgongo wake ulipopotea tu, Dercio akaupuliza ule unga sakafuni, akacheka. Kuitafuta sauti ilikuwa kazi ya kutwa, na yeye kazi ya kutwa kwa ajili ya mshamba hafanyi. Akafuta kila kitu! Sauti ya mtoto wa mwenzake, akaifuta huku anatafuna karanga.

Akaweka Linux, mfumo aliousifia yeye, na lile gemu la mpira akalipakua upya. Gemu lilikuwa la Windows, kwa hiyo akaweka na ile programu aliyopenda kuiita mkalimani, inayosimama katikati ili gemu lisijue liko nyumba ya nani. Likawaka. Likakimbia vizuri kuliko kwa mwenyewe.

Kisha chumba kikanuka karafuu maiti.

Dercio akakunja pua. Kwenye kioo, wachezaji wote walikuwa wamesimama... wamegeuka... wanamtazama yeye.

"Nani... kanitoa?" sauti ikauliza kwenye spika.

Akapunguza sauti ya spika mpaka mwisho. Ikaja tena, safari hii haikutoka kwenye spika.

Ilitoka kooni mwake.

Akataka kutukana. Mdomo ukafunguka, ulimi ukagoma, halafu ukatamka wenyewe: "Anamtoka beki... anapiga chenga... Msimbati wanashangilia!" Sauti ya kijana, yenye kikohozi kidogo.

Somoe alikuwa amerudi, kasimama mlangoni. "Amiri?"

"Mama," mdomo wa Dercio ukajibu, "mbona umechelewa kunifuata?"

Na ndani ya kile kidude, sauti ya fundi, nyembamba kama ya mbu, ikapiga kelele: "Nitoeni humu, wajinga nyie! Washamba!"

Somoe akautazama unga uliotapakaa sakafuni. Akaelewa. Akakifunga kidude ndani ya khanga, akamshika fundi mkono. "Twende nyumbani, mwanangu."

Mpaka leo fundi yuko Msimbati. Anamchotea Somoe maji, jioni anatangaza mpira kibarazani. Wapo wanaosema fundi kachanganyikiwa kwa kukodolea vioo, wapo wanaopita mbali na nyumba ile. Somoe habishani na mtu. Kazi yake ni kukichaji kidude, maana chaji ikishuka, sauti ya mwanawe nayo hufifia. Matusi ya humo ndani kayazoea.

Jana umeme ulikatika tangu asubuhi. Jioni, kijana akiwa katikati ya kutangaza goli, akanyamaza, mdomo wazi. Somoe akakimbilia kidude, akatega sikio kwenye khanga. Matusi hayakuwepo. Kulikuwa na mtu analia polepole.

"Shikamoo, mama... Shikamoo. Niwekee unga. Mkalishe mwanao huko, mimi nirudi kwangu... nakuomba."

Unga wa mtama ulikuwepo jikoni, debe zima. Somoe akaliangalia lile debe. Akalirudishia mfuniko vizuri, akajitanda khanga yake, akatoka kwenda kuazima jenereta.