Nyumba Iliyo Chini ya Mnara

Kila asubuhi, majogoo wakiwa bado wanabishana, kengele ya parokia ililia juu ya bati la nyumba yao. Vikombe vilitikisika kabatini, na baba akasema kutoka chumbani, "Haya, wenye saa yao wameamka." Mama alicheka kila siku kana kwamba ni mara ya kwanza kuusikia mzaha huo. Msichana wao alijifunika shuka gubigubi mpaka kengele inyamaze, kisha akaondoka kitandani kwenda kuwasha jiko.

Nyumba hiyo baba aliinunua bila kuikanyaga. Alikuwa fundi umeme katika mji mkubwa wa nchi waliyotoka, na kodi ya vyumba viwili ilikuwa imemchosha. Binamu yake aliyefanya kazi upande wa pili wa mpaka alimtumia picha kwenye simu: sebule, jiko, vyumba vitatu, shamba dogo nyuma. Baba aliuliza habari za bati, za mchwa, za maji na za hati. Yote yalikuwa sawa. Jambo moja tu hakuuliza: mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Siku walipofika na lori la vyombo ndipo walipogundua kwamba binamu alikuwa ameuegemea mnara wa kanisa.

"Tumenunua nyumba, tumeongezewa kengele," baba alisema huku akishusha godoro.

"Angalau sasa hutakuwa na kisingizio cha kuchelewa misa," mama akamjibu.

Watu wa pale walikuwa wema. Lugha yao ilikuwa ileile, ila lafudhi yao ilimfanya msichana aulize kila neno mara mbili. Watoto wenzake walimpa jina la Mjini, naye akalizoea. Shida ilikuwa kazi ya baba. Kila aliyetaka kuvuta umeme nyumbani kwake alimsalimia vizuri, akavisifia vifaa vyake, kisha akamwita fundi mwingine kutoka mbali, kwa sababu huyo walimjua. "Watanizoea tu," baba alisema. Begi lake la vifaa likaendelea kukaa karibu na mlango, na Mjini alilikuta pale kila alipotoka kwenda shule. Lilimtia huzuni.

Mtu wa kwanza kuwazoea alikuwa mpiga kengele, mjane mmoja mshonaji wa nguo aliyeitwa Mama Cherehani. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kazi ya kengele ilikuwa ya mumewe, na mumewe alipofariki aliishika kamba yeye mwenyewe, bila kumwomba mtu ruhusa. Huko mashambani watu walimtegemea. Kengele ya mchana ikilia, majembe yalisimama, wakasali sala ya Malaika wa Bwana, wakaenda kula.

Alimpenda Mjini kwa udadisi wake, akamfundisha kuvuta kamba kwa uzito wa mwili badala ya nguvu za mikono.

"Tatu, pumzika. Tatu, pumzika. Tatu, pumzika. Halafu mfululizo," alimwelekeza. "Na usije ukapiga mojamoja kwa kuchelewesha. Hiyo ni ya msiba. Umenisikia?"

"Ndiyo, Mama," Mjini aliitikia. Lakini macho yake yalikuwa juu, kwa njiwa waliojenga karibu na kengele, na maneno yale yaliingilia sikio hili yakatokea la pili.

Jumamosi moja Mama Cherehani alikuwa na nguo za harusi za kupeleka kijiji cha mbali. Akamwachia Mjini ufunguo wa mnara. Saa sita ilipofika, Mjini alipiga kengele ya mchana kama alivyofundishwa, bila kukosea hata kidogo. Alijisikia mtu mzima. Alitamani sana rafiki yake wa kule walikotoka amwone. Alikuwa ameazima simu ya mama kwa ajili hiyo hiyo, basi akampigia.

"Hii ndiyo kengele yenyewe! Sikiliza!" akasema, akavuta kamba.

"Mbona nasikia kr-kr tu?" rafiki akalalamika. "Mtandao unakatakata. Piga moja, ngoja kwanza, halafu upige nyingine."

Mjini akapiga moja. Akangoja mpaka mlio ukatoweka kabisa. Akapiga nyingine.

"Hiyo nimeisikia! Tamu kweli! Ongeza!"

Akaongeza, tena na tena, taratibu, huku akitabasamu. Alipochungulia dirishani aliona watu wakikimbia. Walitoka kila upande wa mashamba, wengine na majembe yao mkononi. Ghafla yale maneno aliyoambiwa yakamrudia yote. Alikata simu, akafunga mlango kwa kufuli, akaingia nyumbani kwa mlango wa jikoni; wazazi wake walikuwa wamekwenda sokoni.

Kutoka dirishani aliona uwanja wa kanisa ukijaa. "Nani? Ni nani?" kila mtu alimwuliza mwenzake. Jirani mmoja ambaye mume wake alikuwa amelazwa hospitalini alifika kilemba kikiwa kimemdondoka, akaketi chini kwenye vumbi, akawa anasema, "Ni yeye. Najua ni yeye." Padre alitoka nyumbani kwake na povu la sabuni kidevuni, wembe mkononi.

"Kuna nini?" akauliza.

"Tulidhani ni wewe, Padre!" mtu mmoja akajibu, na wengi wakaangua kicheko cha ahueni. Yule mama hakucheka. Ilibidi simu ipigwe hospitalini, na mumewe akaja kwenye laini akiuliza kwa nini anasumbuliwa katikati ya chakula. Hapo ndipo mama yule alipolia.

Jioni mwenyekiti wa parokia alikuja nyumbani kwa akina Mjini. Alikuwa mtu mpole, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu.

"Binti, wewe ndiwe uliyekuwa na ufunguo. Ilikuwaje?"

"Nilipiga ya mchana tu, nikafunga," Mjini akasema. "Labda kufuli haikushika. Labda mtu aliingia baadaye."

Uongo ule ulitoka kwa urahisi mno. Baba akamwekea mkono begani, akasema, "Mwanangu hasemi uongo, mwenyekiti." Mkono ule ulimwelemea kama gunia.

Siku chache baadaye halmashauri ya parokia ilikata shauri. Ilisemekana Mama Cherehani amechoka, kwamba ana kufuli mbovu na hakumwambia mtu, na sasa watu wamepatwa na taharuki bure. Wangeweka spika juu ya mnara, na mashine ya kucheza sauti ya kengele kwa saa zake yenyewe. Na nani wa kuifunga? Si yupo fundi umeme, tena anakaa palepale chini ya mnara?

Baba alirudi nyumbani akiimba. Alilifungua begi lake, akapanga bisibisi na koleo mezani, akazifuta moja moja. "Nilikwambia watanizoea," alimwambia mama. Mama alifurahi hata akasahau sufuria jikoni. Mjini peke yake hakufurahi. Akisema kweli, baba angepoteza kazi ya kwanza aliyopewa na watu wale. Akinyamaza, Mama Cherehani angenyang'anywa kengele ya mumewe kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kesho yake aliporudi kutoka shule alimwona Mama Cherehani mlangoni pa mnara. Alifunga kufuli, akaivuta, akaondoka. Alipofika njiani akasimama, akarudi, akaivuta tena. Akaitazama mikono yake. Kisha akaondoka tena, akarudi mara nyingine. Mjini aliona aibu hata akashindwa kumsogelea na kumwamkia.

Jumamosi baba alianza kazi. Alimwita Mjini amshikie ngazi. Kabla ya kupanda aliichukua ile kufuli, akaifunga, akaivuta kwa nguvu, akaifungua, akaifunga tena.

"Ajabu," akasema. "Hii kufuli ni nzima kabisa. Hata mimi sina nzuri kama hii."

Mjini aliishika ngazi kwa mikono miwili. "Baba," akasema, "ni mimi. Hakuna aliyeingia. Nilipiga mwenyewe ili rafiki yangu asikie kwenye simu. Halafu nikaogopa."

Baba aliiweka kufuli chini. Uso wake ulikunjamana, na Mjini alijua wazi kwamba amemvunja moyo. Kisha akaanza kuviringa waya aliokuwa ameutandaza, taratibu, mpaka ukaisha.

"Nilikusemea kwa mwenyekiti," akasema hatimaye. "Kwa mdomo wangu mwenyewe."

"Nisamehe, Baba."

"Mimi nitakusamehe. Lakini si mimi uliyemharibia jina. Twende. Nitakufikisha mlangoni, maneno utasema mwenyewe."

Mama Cherehani alikuwa anashona. Mjini aliposema yote, mguu wa mshonaji uliacha kukanyaga, na cherehani ikanyamaza.

"Kumbe!" akafoka. "Wiki nzima naijaribu kufuli ile kama mwehu! Nimefika mahali pa kujiuliza kama akili yangu imeanza kuniacha. Hata nguo za watu nimeogopa kuzikata, nisije nikaziharibu! Unajua ulichonifanyia, wewe mtoto?"

Mjini alilia kwa sauti. Mama Cherehani alimwacha alie mpaka atosheke, kisha akamsogezea kigoda.

"Kaa. Sasa sikiliza, na leo usitazame njiwa. Ile kengele haitaji jina la mtu. Ikilia mojamoja, kila anayesikia anamfikiria wa kwake. Yule jirani alishamzika mumewe moyoni kabla hajafika kanisani. Naye anakudai radhi, kama ninavyokudai mimi."

Jumapili, baada ya matangazo, Padre alimruhusu Mjini asimame mbele. Alisema yote: yeye ndiye aliyepiga, yeye ndiye aliyedanganya, na Mama Cherehani hana kosa lolote. Aliwaomba radhi wote, kisha akamtafuta kwa macho yule jirani, akamwomba yeye peke yake. Baba naye alisimama nyuma, akamwambia mwenyekiti kwamba kazi ya spika anairudisha, kwa kuwa imeletwa na uongo wa nyumba yake. Mwenyekiti alikohoa, akasema suala la spika limefungwa, na kamba ibaki kwa mwenyewe. Watu walipiga makofi, na Mama Cherehani akarekebisha kilemba chake kana kwamba hayamhusu.

Nje ya kanisa, familia ilitembea haraka kuelekea nyumbani. Yule jirani akawafuata, akamshika baba mkono.

"Fundi, nyumbani kwangu swichi inatoa cheche. Mume wangu bado hajarudi, na mimi kesho nashinda hospitalini. Nitakuachia ufunguo, uingie utengeneze."

"Uniachie mimi?" baba akashangaa. "Baada ya haya yote?"

"Mtu anayemleta mwanawe aseme kweli mbele ya parokia nzima, nikimwachia nyumba yangu sina wasiwasi."

Akampa ufunguo, akaenda zake. Baba aliugeuzageuza ufunguo ule kiganjani, akashindwa kuzuia tabasamu. Mjini alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Inua uso, mwanangu," baba akamwambia. "Kusema uongo kulikuchukua dakika moja, na kuurekebisha kumekutoa jasho na machozi. Likumbuke hilo utakapojaribiwa tena, maana utajaribiwa. Lakini na hili nalo ulikumbuke. Nyumba hii niliinunua mimi, nikalipa, nikapewa hati yangu. Tumekaa humu miezi yote hii kama wapita njia. Leo wewe umesema kweli, na ndiyo kwanza tumehamia."