Matairi Mapana ya Babu Oreste

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kunywa kahawa, Babu Oreste alishuka gereji kulijulia hali gari lake. Nives, mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, alimfuata na kikombe chake cha maziwa.

"Umeamkaje, mzee mwenzangu?" babu aliliuliza gari.

"Babu, siku likikujibu, mimi nahama," Nives alimtania.

Lilikuwa gari dogo jekundu la mbio, la viti viwili, alilolinunua mwaka aliomwoa Bibi Ada. Katika vijiji vya milima ya Modena, nchini Italia, mtu akisahau jina la shemeji yake husamehewa, lakini akiliacha gari kama lile mvuani atasemwa mpaka Krismasi.

Asubuhi hiyo babu alipapasa ubavu wa tairi, akaguna. Raba ilikuwa imejaa nyufa. "Tairi huzeeka hata likikaa tu," alisema. "Nives, macho yangu hayasomi tena vitu vidogo. Soma namba za hapa, kisha mwende na mama yako kwa Tamara mpeleke magurudumu. Mwambie nataka yale yale, kipimo kile kile."

Sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, mlinzi wa wasafiri, ilikuwa imekaribia. Siku hiyo magari ya zamani hupanda hadi kanisa dogo la mlimani kubarikiwa. Kila mwaka Bibi Ada alikaa kando ya babu, amepakata sinia la tortellini, vile vifundo vya unga vyenye nyama ndani, alivyovikunja mwenyewe kwa ajili ya mlo wa kijiji. Ilikuwa fahari yao kwamba hakuna hata kimoja kilichowahi kuanguka njiani. Bibi alifariki wakati wa baridi. Mwaka huu mama yake Nives angevikunja, na sinia lingepakatwa na Nives.

Tatizo lilikuwa Loris, mtoto wa jirani. "Gari la babu yako lina matairi ya baiskeli!" alimcheka shuleni. "Likikutana na kokoto, litaiomba njia!" Maneno hayo yalimkaa Nives kooni kama mwiba wa samaki.

Basi walipofika kwa Tamara, fundi wa matairi, mama akiwa bado anaegesha gari nje, Nives alitaja kipimo kipana zaidi.

Tamara alimtazama. "Mzee Oreste anataka mapana? Miaka yote amechukua membamba."

"Ndivyo alivyosema."

Magurudumu yaliporudi, babu aliyazunguka. "Mbona yamenona?"

"Mapya ndivyo yalivyo, babu."

Babu alicheka, akayafunga, akatoka kwenda kulijaribu gari. Nives alisubiri langoni. Alipomwona akirudi, alishtuka. Babu alikuwa ametota jasho, anajikanda mikono. Kwenye uwanja wa kijiji alikuwa ameshindwa kukata kona. Usukani ulikuwa mzito, na kila akiuzungusha mpaka mwisho, kitu kilikwaruza chini.

"Gari limeharibika?" Nives aliuliza kwa sauti ndogo.

"Gari halina neno. Ni mimi. Mikono imekwisha, binti yangu."

Mchana babu hakugusa chakula. Alimpigia simu mwanawe aliyekuwa mjini. "Fausto, njoo uchukue funguo. Bora niache mwenyewe kabla sijamwumiza mtoto. Sinia litapanda na gari la padri." Alipokata simu alikitazama kiti cha Bibi Ada pale mezani, kisha akatazama dirishani.

Nives aliumia kuliko alivyowahi kuumia. Hakika njia ya mwongo ni fupi, na yake ilikuwa imeishia mezani kwa babu.

"Babu, si mikono yako," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mimi. Nilimwambia Tamara alete mapana. Loris alinicheka, nikataka gari lionekane kali. Nikamdanganya Tamara, kisha nikakudanganya wewe."

Babu aliviangalia viganja vyake. "Kumbe," alisema. "Nimekuwa kikongwe kwa asubuhi moja tu, na mchawi ni mjukuu wangu!" Alitaka kukasirika, na alikasirika kweli, lakini furaha ya kurudishiwa mikono yake ilimzidi nguvu, akampigia Fausto tena kumwambia asije.

Jumatatu alimpeleka Nives akamwombe radhi Tamara. Tamara alipokea matairi yale bila kelele, akamwonyesha msichana kosa lake. "Gari hili liliundwa kwa matairi membamba. Halina mtambo wa kuusaidia usukani, ni mikono ya dereva tu. Ukilivika mapana, usukani unakuwa mzito na raba inasugua bati la juu ya gurudumu. Na ukinunua, usitazame weusi wa raba tu. Soma ubavuni tairi lilitengenezwa lini." Safari hii Nives alisoma namba zote kwa sauti, na babu akaitikia kila moja.

Siku ya sikukuu walipanda mlima. Babu alikata kona baada ya kona akipiga mluzi, na Nives alilikumbatia sinia. Loris alipaza sauti kutoka kando ya barabara, "Baiskeli hiyooo!" Nives akampungia mkono huku akicheka.

Kanisani, padri alipomaliza kulinyunyizia gari maji ya baraka, babu aliinama akaweka kiganja chini karibu na gurudumu.

"Tazama, Nives. Kila tairi hugusa barabara kwa sehemu isiyozidi kiganja hiki. Viganja vinne tu, na juu yake tuko mimi, wewe na chakula cha watu. Kitu kidogo kikidanganya, kikubwa kinaanguka. Neno lako nalo ni hivyo hivyo: nilipanda gari nikiegemea neno hilo."

"Halitakudanganya tena, babu."

"Najua. Haya, funua sinia tuone kama umemwaibisha bibi yako."

Nives alifunua kitambaa. Vifundo vyote vilikuwa mahali pake.